Kunakili Uso: Nilivyojifunza Rangi za Mafuta kwa Repin

Neno "kunakili" lina sifa mbaya shuleni mwetu. Anayetajwa nalo wakati wa mtihani huishia ofisini kwa naibu wa mwalimu mkuu, na huko hakuendwi kunywa chai. Kwa hivyo nilipoanza kunakili mchana kweupe, mbele ya mwalimu, tena muhula baada ya muhula, wenzangu wa bweni walinicheka mbavu ziwaume. Mmoja alinitupia ile methali ya kumwiga ndovu (mnaijua, na mhariri hawezi kuichapisha yote). Mwingine akauliza, "Kwani wewe huna picha zako mwenyewe kichwani?" Swali hilo ndilo ninalotaka kulijibu hapa. Picha za kichwani nilikuwa nazo tele. Hizo ndizo zilizoniharibia kazi.

Wacha nieleze. Likizo ya Desemba, nikiwa nimemaliza Kidato cha Pili, nilimchora nyanya yangu. Sisi kwetu Machakos humwita Susu. Jicho lake la kushoto lina chamba tangu utotoni, alipochomwa na mwiba akichunga mbuzi. Katika picha zote za kamera alizowahi kupigwa, amegeuza uso upande ama amevuta leso mpaka shavuni. Nami nilimchora kwa heshima zote: macho mawili mazima, makubwa, meusi; nyusi kama mwezi mwandamo; midomo imejaa. Nikampelekea huku nikingoja sifa. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza kwa upole, "Na huyu ni nani?" Hakuwa akitania. Alidhani nimechora mtu wa gazetini.

Shule zilipofunguliwa nikamwonyesha mwalimu wetu wa Sanaa picha ile, nikamsimulia na kisa chake. Hakucheka. Alisema, "Hukumtazama. Umechora macho unayoyajua, si macho uliyoyaona." Akafungua kabati, akatoa kitabu kikubwa cha picha, akafunua ukurasa mmoja. "Mchore huyu. Usibuni kitu. Hata kitu kimoja."

Huyo alikuwa mwanamume mnene, nywele timutimu, ndevu hazijachanwa, pua nyekundu kama nyanya ya sokoni, kavaa joho la hospitali. Macho yake yanatazama kando, hayakutazami wewe. Jina lake Modest Mussorgsky, mtunzi wa muziki wa Urusi. Mchoraji ni Ilya Repin, mmoja wa mabingwa wa uhalisia, yaani wale waliochora mambo jinsi yalivyo. Repin alizaliwa mwaka 1844 katika mji wa Chuguev, ambao leo uko Ukraine, na alianza kazi kwa wachoraji wa picha takatifu za makanisa kabla ya kwenda kusoma St. Petersburg. Picha hii aliichora mwezi Machi mwaka 1881, katika hospitali ya wanajeshi mjini humo, katika vikao vya siku nne. Zilikuwa siku za msukosuko, maana Mfalme Alexander wa Pili alikuwa ameuawa juzijuzi kwa bomu katika mji uo huo. Repin hakuwa hata na kiegemezo cha kuwekea turubai. Aliketi tu kwenye meza ndogo. Hazikupita wiki mbili baada ya kikao cha mwisho, Mussorgsky akafa, akiwa na miaka 42. Picha yenyewe si kubwa, takriban sentimita 72 kwa 58, na imehifadhiwa Moscow katika jumba la Tretyakov.

Wale wanaodhani kunakili ni uvivu nawaomba wasikie haya. Jumba la Louvre kule Paris, tangu lilipofunguliwa mwaka 1793, limekuwa likiwaruhusu wachoraji kusimama mbele ya kazi za mabingwa na kuziiga. Lina sharti moja ambalo nalipenda: nakala isilingane na picha ya asili kwa ukubwa, bali ipungue ama izidi kwa sehemu moja ya tano, ili asije mtu akauza nakala kama asili. John Singer Sargent alikwenda Madrid mwaka 1879 kuiga kazi za Velázquez. Naye Vincent van Gogh, alipolazwa kule Saint-Rémy mwaka 1889, alichora upya picha nyingi za Millet, na mbele yake hakuwa na picha zenyewe bali chapa tu zisizokuwa na rangi. Mimi basi, mwenye ukurasa wa kitabu, nimlalamikie nani? Fuata nyuki ule asali.

Sasa tuingie kazini.

Turubai la dukani lilinishinda bei, kwa hivyo nilitumia hadibodi. Upande ule laini niliusugua kwa msasa mpaka ukapoteza mng'aro, kisha nikaupaka rangi nyeupe ya maji, ile ya ukutani, mara tatu, kila mara nikingoja ikauke. Ukiruka hatua hii hadibodi itayanywa mafuta ya rangi yote, na picha itabaki kavu kama chapati ya juzi.

Rangi zilikuwa nne tu: nyeupe, nyeusi, nyekundu na manjano ya udongo. Nilipolalamika kwamba hakuna buluu, mwalimu aliniambia kwamba Anders Zorn, mchoraji wa Sweden aliyefariki mwaka 1920, anasifika kwa nyuso alizochora kwa rangi kama hizo nne. Ngozi ya binadamu, iwe ya Mzungu au ya Mkamba, imo mle ndani. Nyeusi ukiichanganya na nyeupe, ukaiweka karibu na rangi zenye joto, hujifanya buluu. Sikuamini mpaka nilipoona kwa macho yangu.

Ili kuhamisha mchoro, nilichora miraba ya sentimita 2 juu ya karatasi ya plastiki angavu, nikailaza juu ya picha ya kitabuni (usithubutu kuchora kwenye kitabu chenyewe, cha shule hicho). Kwenye hadibodi nikachora miraba ya sentimita 5. Picha ya kitabuni ilikuwa na urefu wa sentimita 18, yaani miraba 9, kwa hiyo yangu ikawa sentimita 45. Halafu unachora mraba mmoja mmoja: mstari unaingia wapi, unatokea wapi. Mwalimu akaniamuru nigeuze kitabu juu chini, na ubao vilevile. Nikaona ni mzaha. Kumbe uso uliopinduliwa hauna jina! Huoni tena "pua" wala "jicho". Unaona umbo tu, na mkono unatii umbo. Nilipougeuza tena, Mussorgsky alikuwa ameketi pale ananusa hewa.

Hapo pia niligundua kosa langu la Desemba. Macho ya Susu nilikuwa nimeyaweka juu mno, karibu na nywele. Pima kichwa chochote ukipenda, hata cha jirani yako wa dawati, tangu utosini hadi kidevuni: macho yamo katikati. Sisi tusiojua hudhani paji la uso ni kitu kidogo, kwa sababu halina la kutueleza.

Baada ya mchoro, rangi ya kwanza. Nilichanganya nyeusi na nyekundu nikapata kahawia, nikaizimua kwa tapentaini mpaka ikawa nyepesi kama chai ya rangi, nikapaka ubao mzima. Kisha kwa kitambaa nikapangusa mahali palipo na mwanga: paji la uso, shavu, ncha ya pua. Palipo giza nikaongeza. Hakuna rangi nyingine bado. Siri ya hatua hii ni kufinya macho, kama mtu anayetazama jua, mpaka vitu vidogo vyote vipotee, yabaki mabaka ya giza na mwanga. Kama uso haufanani na mwenyewe katika mabaka hayo, hautafanana hata ukiuchora kope moja moja. Mimi nilirudia hatua hii mara tatu. Ya kwanza ilifanana na chifu fulani kule kwetu.

Jambo lililonishangaza kuliko yote lilikuwa weupe wa macho. Nilichovya brashi katika rangi nyeupe, nikapaka kwa uhakika wa mtu anayejua kwamba jicho ni jeupe. Mara Mussorgsky akawa kama aliyeona jini. Mwalimu hakunikosoa. Alichukua kipande cha kadi, akakitoboa tundu dogo kwa ncha ya penseli, akakiweka juu ya picha ya kitabuni, tundu likaangukia weupe wa jicho. "Sema hiyo ni rangi gani." Wapenzi wasomaji, ilikuwa rangi ya maji ya kufulia! Kijivu, chenye uchafu wa kahawia. Akahamisha tundu mpaka kwenye kivuli cha pua: kulikuwa na kijani. Kwenye nywele, ambazo ningeapa ni za kahawia: kijivu kikavu. Tangu siku ile kile kikadi hukaa katika kibeti changu cha kalamu, na nakushauri utengeneze chako. Hakigharimu hata ndururu, na kimenifundisha mengi kuliko brashi zote nilizo nazo.

Joho la mgonjwa ni la kijani kibichi kilichofifia, lenye kola nyekundu. Kijani bila buluu utakipata wapi? Changanya nyeusi na manjano ya udongo. Kwenye sahani mchanganyiko huo ni matope ya kijani hivi, haupendezi. Lakini uweke kando ya wekundu wa kola na utazame jinsi unavyochanua. Rangi mbili zinazopingana hutiana nguvu; mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1839, ambao ni mwaka aliozaliwa Mussorgsky mwenyewe. Sitaficha kwamba kola ilinishinda. Wekundu wa Repin umeelekea zambarau kidogo. Wangu umeelekea matofali, na kwa rangi nne sikuwa na dawa yake. Halafu kumbukeni kwamba hata kitabu hudanganya. Chapa hupunguza na kuongeza rangi, wala haionyeshi unene wa rangi pale brashi ilipokanyaga kwa nguvu. Anayenakili kitabuni anajifunza mengi, lakini asidhani ameiona picha.

Nywele nazo usizichore unywele mmoja mmoja. Paka kichaka chote kwanza kwa brashi pana, kisha tia michirizi michache pembeni, hasa pale nywele zinapokutana na ukuta wa nyuma. Mpaka uwe mkali mahali pamoja, uyeyuke mahali pengine. Ukiukata wote kama kwa makasi, kichwa kitaonekana kimebandikwa.

Sasa nifike kwenye pua.

Pua ya Mussorgsky ni nyekundu kwa sababu alikuwa mlevi, na ulevi ndio uliomlaza hospitalini. Kila mtu huliona hilo mara tu afunuapo ukurasa. Mimi, sijui ni huruma ama ni adabu, niliipunguza. Nikatia manjano kidogo, nikatia nyeupe, nikampa pua ya mhubiri. Nikamlainisha na mifuko ya chini ya macho. Nilifanya hayo bila hata kujitambua. Ilikuwa Ijumaa jioni, mwalimu akapita nyuma yangu, akasimama.

"Umemponya?" akauliza.

"Nimefanya nini, Mwalimu?"

"Mgonjwa wa Repin. Naona umemponya. Hongera. Sasa nieleze yule mtu wa kitabuni alikwenda wapi."

Nilitazama kitabu, nikatazama ubao. Kweli. Kwenye ubao wangu palikuwa na bwana mmoja mnene, mwenye afya, asiye na jambo lolote la kusema. Yale macho yaliyotazama mbali, ambayo nilikuwa nimejivunia kuyapata sawasawa, yalikuwa yamekufa, ingawa sikuyagusa. Pua ndiyo iliyokuwa ikiyapa maana. Nikachukua kisu cha rangi nikakwangua pua nzima, nikaanza upya, kikadi mkononi. Nyekundu, nyeusi kidogo, manjano chembe. Ilinichukua majuma mawili, maana vipindi vya Sanaa ni vichache na masomo mengine hayakungoji. Iliporudi pua ya Repin, macho yakarudi pamoja nayo.

Kabla sijasahau, mambo mawili ya usalama na uvumilivu. Rangi za mafuta hazikauki kama maji yanavyokauka. Mafuta ya kitani yaliyomo hushikana na hewa na kugeuka kuwa kama ngozi ngumu, pole pole. Kwa hiyo tabaka la chini liwe na tapentaini nyingi na mafuta kidogo, na la juu liwe na mafuta zaidi. Ukipindua utaratibu huo, la juu litakauka kwanza na kisha kupasuka. Pili, vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye kona. Huweza kupata joto vyenyewe vikawaka moto, bila kiberiti. Sisi huvitia katika mkebe wenye maji na kufunika. Na fungua madirisha. Tapentaini si manukato.

Nilimaliza mwishoni mwa muhula wa pili. Nyuma ya ubao niliandika kwamba ni nakala kutoka kwa Repin, nikaweka jina langu kwa herufi ndogo. Likizo ya Agosti nikaibeba nyumbani, imefungwa kwa gazeti, pamoja na hadibodi nyingine iliyo tupu.

Susu aliisimamisha nakala ile juu ya kinu, akaitazama kwa jicho lake zima. Sikumwambia lolote.

"Huyu mtu alikuwa mgonjwa," akasema.

"Ndiyo, Susu. Alikufa hata wiki mbili hazijaisha."

"Na alikubali kuchorwa hivyo hivyo? Na hiyo pua?"

"Alikubali."

Akanyamaza. Baadaye akaniuliza kama nimekula, tukaacha maneno hayo.

Kesho yake nilimwomba aketi barazani, penye mwanga usiobadilika sana. Akaketi, lakini aligeuza uso kama kawaida yake, leso shavuni. Sikumlazimisha, nilimchora alivyoketi. Kuchora mtu aliye hai si kama kuchora ukurasa, nawaambieni. Ukurasa hausinzii, haufukuzi kuku, haumwiti jirani amwulize kama mbuzi amezaa. Mawingu yakipita, kivuli cha pua kinahama. Wala miraba hapa hakuna. Lakini mkono ulikuwa umeshazoea: finya macho, tafuta mabaka, uliza kikadi. Sikuwa na kiegemezo, kwa hivyo niliweka ubao juu ya kigoda nikaketi chini.

Asubuhi ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Asubuhi ya tatu Susu alitoka akiwa amefunga leso kichwani, akaifungia nyuma ya shingo. Akaketi, akanielekea uso mzima.

"Futa ile," akasema. "Anza."

Nilifuta kwa kitambaa na tapentaini mpaka ubao ukabaki kahawia mtupu, nikaanza. Nilipofika kwenye jicho la kushoto mkono ulisita. Nikajikuta nimekwisha kuchanganya rangi nyeusi ya mboni, yaani mkono wenyewe ulikuwa umekwenda kumponya. Nikaiacha. Nikachukua kikadi nikakiinua mbele ya uso wake. Lile chamba, ambalo maisha yangu yote nimeliita jeupe, si jeupe. Ni kijivu chenye ubuluu, na chini yake kuna mstari mwembamba wa waridi, na katikati limepauka kama moshi wa asubuhi. Nyeusi na nyeupe, zikaniletea ule ubuluu usiokuwa na buluu. Nilikuwa sijawahi kulitazama jicho lile. Miaka kumi na sita nimekula kwake, na kila mara nilikuwa nikitazama kando, kwa adabu.

Tulimaliza asubuhi ya nne. Mikono yake sikuipata vizuri, na kidevu kimekuwa kirefu kidogo. Nikamgeuzia ubao. Aliitazama sana, kisha akaziba jicho zima kwa kiganja, akaiondoa, akaziba tena, sijui alikuwa akipima nini. Hakuuliza huyu ni nani. Alinyoosha kidole kugusa.

"Bado mbichi, Susu!"

"Itakauka lini?"

Nikamweleza kwamba kwa kugusa ni siku kadhaa, lakini ndani huchukua muda mrefu, na vanishi ya kuilinda haipakwi mpaka ipite kama miezi sita.

"Miezi sita," akasema. Akahesabu kwa vidole, akafika Februari. "Februari uko shule."

"Nitakuja Aprili."

"Basi uje na hiyo vanishi. Uipake nikiona."

Nikageuza ubao, nikaandika tarehe nyuma kwa penseli.